Kadi ya Soseji Mbele ya Wakaguzi

Mzee mwenyekiti wa chama chetu aliipandisha kadi yangu hadi puani, akainusa, kisha akairudisha mezani taratibu mno. Nikajua pale pale kwamba mambo yameharibika.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kukodi kule Perry Barr, mtaa wa Birmingham, Jumamosi asubuhi. Chama chenyewe ni cha watu wanaokusanya kadi za picha zilizokuwa zikitiwa zamani ndani ya pakiti za vyakula. Wengi wao wanapenda kadi za chai, kwa kuwa ndizo za kwao Uingereza. Mimi nilinaswa na za Marekani, za wachezaji wa besiboli, zilizotoka kwenye pakiti za soseji. Msiniulize kwa nini. Mchezo wenyewe sijautazama hata siku moja, na kadi ya kwanza, niliyoikuta kwenye duka la vitu kuukuu Balsall Heath ndani ya bati la vifungo, nilidhani ni ya mcheza kriketi asiyejua kushika gongo. Nilipenda tu kwamba kitu kilicholala na nyama, kikashikwa na watoto wenye vidole vya mafuta, bado kipo na rangi zake.

Siku ile nilikuwa nagombea kiti cha ukaguzi. Wakaguzi wetu ni watatu, mwenyekiti akiwa mmoja wao, na neno lao ndilo linaloamua kadi ipi ni halali na ipi imeghushiwa. Mmoja alikuwa anang'atuka. Anayetaka kiti chake huleta kadi zake zote zipekuliwe mbele ya wanachama, maana huwezi kuhukumu za wenzako ilhali zako zina mashaka. Nilikitaka kiti kile kufa na kupona. Miaka yote hapa Birmingham mimi ni mtu wa kuulizwa nimetoka wapi, na nilichoka kuwa swali. Nilitaka watu waje kwangu kuuliza jambo ninalolijua.

Aliyependekeza jina langu ni mkaguzi mmoja, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu mtaani Saltley. Yeye ni mtu wa kanisa, mimi wa msikiti, na urafiki wetu umesimama juu ya mabishano. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika lenzi.

Walianza vizuri. Waliiweka kadi chini ya taa ya zambarau, ambayo karatasi mpya hung'aa chini yake kama shati jeupe harusini. Yangu ilibaki imezubaa, inavyotakiwa. Wakatazama nukta za rangi kwa lenzi. Jirani yangu akapitisha kidole juu ya nta, ile waliyoipaka zamani mafuta ya soseji yasipenye, kisha akanikonyeza. Nilishaanza kupanga maneno ya kushukuru. Ndipo mzee akainusa.

"Hii imetiwa moshi," alisema kwa Kiingereza chake cha upole.

Kila mtu ukumbini alijua maana yake. Moshi ni kazi ya waghushi. Mtu anachapa kadi leo, anaifukiza mpaka inapata umanjano, halafu anakuuzia uzee wa uongo.

Damu ilinichemka. Nina hasira za karibu, mke wangu anajua, na sasa chama kizima kikajua. Nilimwambia mzee anuse kwanza koti lake, maana ametoka kuvuta sigara mlangoni sasa hivi. Mzee alilivuta sanduku langu la kadi, akatoa kadi nyingine, akainusa, akampa mwenzake. Akatoa nyingine tena. Zote zilikuwa vilevile.

Jirani yangu alikuja kando yangu. Uso ulikuwa umemshuka.

"Ndugu yangu, sema kweli. Hizi kadi ziko zinanuka moshi, zote. Mie njo nilileta jina yako hapa. Watu watasema tuko équipe moja ya kughushi."

"Wewe unanijua mimi!"

"Nakujua, ndiyo. Lakini pua yangu nayo naijua."

Maneno yale yaliniuma kuliko ya mzee. Nikachukua kadi niinuse mwenyewe, nikiwa tayari kuwabishia wote. Haikuwa harufu ya sigara wala ya kuni. Ulikuwa udi, tena ule mzuri tunaouweka kwa ajili ya Idi.

Kila Ijumaa mke wangu, mzaliwa wa Mombasa, huwasha chetezo cha udi na kutandika kanzu yangu juu ya kitenga ili moshi uipande. Sisi Wasomali tunauita uunsi, lakini jambo ni lile lile. Nyumba yote hunukia, na pua yangu imezoea, haisikii tena. Nikiwaambia ni mke wangu, nitaonekana najificha nyuma ya mwanamke. Nikinyamaza, mimi ni mghushi, na jirani yangu ni mwenzangu wa wizi.

"Ni udi wa nyumbani," nikamwambia chini chini.

"Basi pigia mama ya watoto simu. Weka loudspeaker, wote wasikie. Mie nitawatafsiria."

Nikapiga. Nilijitahidi sauti isitoke kali.

"Kadi zangu umezifanya nini?"

"Si n'lizifukiza!" alisema mke wangu, bila wasiwasi wowote. "Tangu uliponambia watu watazitazama. Kila Ijumaa nazipanga juu ya kitenga, pamoja na kanzu yako. Zilikuwa zanuka mafuta ya soseji, na soseji zenyewe sijui za nyama gani. N'kaona haya wende mbele za watu na kitu chanuka."

Jirani yangu alitafsiri yote, hata habari ya nyama. Watu wawili watatu walicheka, na ukumbi ukapumua. Mzee alivua miwani.

"Nakuamini," alisema. "Hakuna hapa atakayekuita mghushi, wala rafiki yako. Lakini moshi ni moshi. Umanjano huu hatuwezi tena kujua upi ni wa miaka na upi ni wa Ijumaa. Siwezi kuzipitisha. Na kiti..."

Hakumaliza, na sikumhitaji amalize. Jina letu lilikuwa limepona, kiti kilikuwa kimekwenda. Niliona zile Ijumaa zote, mimi nimekaa sebuleni na gazeti, kadi zangu zikiharibika hatua chache kutoka hapo, na maneno makali yakanijaa mdomoni.

"Baba watoto, upo?" Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwangu. "Wamesemaje? Wamezipenda?"

Sauti yake ilikuwa na hofu ileile niliyoingia nayo mimi asubuhi.

"Wamezipenda," nikamwambia. "Wamesema hawajapata kuona kadi zinazonukia namna hii."

Alicheka kwa furaha, akakata simu akaendelee na kazi zake. Mzee akauliza nimemwambia nini. Jirani yangu alikuwa ameinama anachomoa waya wa taa, na safari hii hakutafsiri.