Joka Aliyefiwa na Ndama

Mimi si mtu wa kijicho. Uliza shuleni ninakofundisha hapa Garissa, utaambiwa Mwalimu Gatwiri hana neno na mtu. Lakini Rukiyo! Huyo alinitia wivu mpaka chakula kikanishinda.

Rukiyo anauza maziwa ya ngamia sokoni. Alikulia malishoni upande wa Habaswein, hakuvuka darasa la sita, na nguo zake zinanukia ule moshi wa kufukizia vyombo vya maziwa. Jumamosi moja aliniletea maziwa nyumbani, akatukuta mezani tukicheza: mimi, Idil muuguzi, na Abdiqani, dalali wa mifugo mwenye ndevu za hina. Akauliza tunafanya nini. Idil akamweleza kwamba mmoja ni msimulizi, wengine ni wasafiri. Msimulizi anasema mmekutana na nini, nyinyi mnasema mnafanya nini, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua kama mmefaulu.

"Ni hadithi tu," Rukiyo akasema, "lakini ukikosea unakufa." Akavuta kiti. Hakukosa Jumamosi tena.

Sasa elewa, mchezo ule niliuleta mimi Garissa. Miaka minne nimekuwa msimulizi, sina mwenzangu. Kwa hiyo watengenezaji wa mchezo mmoja wa Nairobi walipotangaza kwamba kila kikundi kitume joka mmoja wa kutiwa kwenye kitabu chao kipya, nilijua ni langu. La nani tena? Sharti lilikuwa moja: joka ajaribiwe mezani kwanza, na akiua wasafiri wote asitumwe, maana hachezeki.

Joka langu lilinichukua miezi mitatu. Vichwa vitatu, magamba ya zambarau, kila jino nimelichora kivyake. Tulipolijaribu, walikata kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha Abdiqani akauliza kama chai iko tayari.

"Nzuri, mwalimu," akanipongeza. Nzuri! Mtu husema hivyo akinunua soksi.

Ndipo Rukiyo akatoa kipande cha katoni. Alikuwa amechora kwa biki ya bluu joka jike, amekonda, shingo ndefu, na chini ya tumbo chuchu nne. Nilicheka kwa sauti.

"Rukiyo, majoka hutaga mayai."

"Yako inataga," akajibu bila hata kukasirika. "Yangu inazaa. Na mtoto yake imekufa."

Akaeleza. Joka huyo anachoma vijiji kwa sababu ya uchungu. Upanga haumwingii. Abdiqani akaweka kikombe chini. Akauliza polepole, "Abaayo," yaani dada, "na ngozi ya mtoto iko?" Rukiyo akaitikia kwa kichwa: iko, pangoni kule mlimani. Basi hapo watu wawili hao wakaelewana mbele yangu, na mimi mtu wa Meru nikabaki nje. Ilibidi Idil anieleze kwamba ngamia akifiwa na ndama hukataa kukamuliwa, na wafugaji humletea ngozi ya ndama wake ainuse, ndipo atulie na kushusha maziwa.

Nilitabasamu. Roho ilikuwa inaniuma vibaya.

Jumamosi iliyofuata tukamjaribu. Wasafiri walikuwa Abdiqani na Idil. Rukiyo alikaa pembeni akitazama. Walihangaika saa nzima kuipata ile ngozi. Abdiqani akavua koti lake, akalitupa begani liwe ngozi, akainuka kitini na kuanza kuimba chinichini kwa Kisomali, wimbo wa kunyweshea ngamia. Mzee mzima, dalali wa kugombana na watu kutwa! Idil machozi yalimlengalenga. Kwa joka langu hakuna aliyeinuka.

Nikarusha dadu nyuma ya kadibodi yangu, pale msimulizi anaporusha peke yake. Wakipata kumi kwenda juu, anatulia. Ikasimama kwenye kumi na saba.

"Tatu," nikasema. "Amewachoma wote."

Abdiqani akavaa koti lake. Rukiyo akasema tu, "Basi, hachezeki," akakirudisha kipande cha katoni mfukoni. Jumatatu nikatuma joka langu, na baada ya mwezi likakubaliwa.

Niliwanunulia soda. Rukiyo alinikumbatia kwa nguvu, mashallah nyingi, furaha ya kweli kabisa. Nikakaa nikisubiri maswali kuhusu kitabu.

"Mwalimu," Abdiqani akasema, "yule mama bado yuko mlimani?"

"Mama gani?"

"Yule mtoto yake imekufa. Tunataka kurudi."

"Na leo Rukiyo asimulie," Idil akaongeza. "Na wewe mwalimu ucheze kidogo, umechoka."

Nimechoka! Nani amesema nimechoka? Lakini nilihama kiti. Rukiyo akaiondoa ile kadibodi, akaiegemeza ukutani. "Mimi narusha hapa," akasema, "kila mtu aone." Hakunitazama. Kama alijua, sijui, na sitamuuliza. Uso uliniwaka moto.

Abdiqani akaimba tena. Dadu ikabingirika katikati ya meza: nne.

"Amewachoma," Rukiyo akasema kwa huzuni.

Nikangoja wanune. Wapi! Idil alipiga meza akicheka, na Abdiqani akaapa wallahi kosa ni la ngozi, imekauka, safari hii waipake maziwa kwanza. Tayari walikuwa wanapanga njia mpya ya kupanda mlima.

"Mwalimu, utaenda nao?" Rukiyo akaniuliza.

"Nitaibeba mimi hiyo ngozi," nikasema.

Wivu haukutoka, ulikuwa palepale kifuani. Lakini nilitaka, Mungu wangu, nilitaka sana yule mama ainamishe kichwa, ainuse.