Machicha ya Mgoa na Mkokoteni wa Salimu

Mwanangu, mimi hutaja bei kwanza na hadithi baadaye, ili asiyeweza aende zake mapema. Bei ya jambo hili ilikuwa watoto wa nguruwe tisa, kazi yangu ya miezi minne, na hofu. Nguruwe na kazi nilikwisha kuvilipa ningali kijana. Hofu bado nailipa, na juzi imeniletea mgeni mlangoni.

Nakumbuka Ijumaa moja, miaka ile reli ilipokuwa mpya na watu wa Mombasa wakienda stesheni kuitazama kama watazamao bibi arusi. Nilikuwa kijana wa Rabai, jina langu la ubatizo Yona, nimevuka kuja kisiwani na shuka moja na ulimi wa kuwatosha watu watatu. Nikapata kazi kwa Mgoa mmoja, Mkristo wa Bara Hindi, Bwana Kaitano. Alikuwa na vitu viwili ambavyo mji ule haukuvipenda: mtambo wa kuchemsha mvinyo, na nguruwe. Vyote aliviweka mbali, upande wa Kibarani penye mikoko, harufu ichukuliwe na upepo. Mvinyo aliutoa katika mtama na sukari guru. Nguruwe aliwauzia wapishi wa meli na wazungu wa reli.

Mtambo ukishatoa mvinyo, chini hubaki machicha, yaani ule mtama uliopikika, mzito kama uji, una ukali wake. Hayo yalikuwa chakula cha nguruwe wakubwa. Wadogo, kumi na mmoja walioachishwa ziwa karibuni, walikuwa na pumba zao za mchele, zikilowekwa kwa maji na maziwa kidogo. Bwana Kaitano aliniambia siku ya kwanza, na siku ya pili akanirudia:

"Yona, mkubwa mpe machicha ya leo, yaliyopoa. Ya jana mwaga. Mdogo usimpe kabisa. Tumbo lake ni la mtoto, pombe haliijui."

"Nimesikia, bwana."

Na kweli nilisikia. Kusikia hakukuwa na gharama.

Mapatano yetu yalikuwa kwamba sichukui mshahara wa fedha, ila wale kumi na mmoja wakifika Krismasi wazima, wawili ni wangu. Kisha Bwana Kaitano akasafiri kwenda Unguja kutafuta bomba la shaba la mtambo wake. Aliuzima mtambo, akaacha mapipa matatu ya machicha, akaniagiza niyamwage yote, na wakubwa niwalishe muhogo mpaka arudi.

Niyamwage! Mwanangu, mimi nikiona mtu anamwaga maji ya kunawa hushikwa na homa. Nikajiambia, akiba haiozi. Walioitunga methali hiyo hawakuwahi kuweka machicha juani Kibarani.

Makupa, nilikopanga chumba, alikuwako jirani yangu Bi Mwanaisha, mama mtu mzima, mfuga kuku. Siku nyingi alikuwa akiziulizia zile pumba. Nikaona mlango umefunguka: wadogo nitawapa machicha ya bure, pumba zao zije huku.

"Mayai sita kwa pishi," akasema.

"Manane, mama."

"Kuku wangu hawatagi kwa amri yako, Mrabai. Sita."

Tukaachana kwa saba. Nikayahesabu, nikayarudia, nikakuta la saba lina ufa. Akanibadilishia, akisema hajapata kuona mwanamume aliyezaliwa na mizani mkononi. Nilidhani ananisifu.

Siku ya kwanza wale watoto walikula wakalewa. Mmoja alijaribu kupita mlangoni, akaukosa, akagonga nguzo, akaketi akiitazama kama imemtukana. Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Siku ya pili walilala mchana kutwa, na matumbo yao yakawa ya duara, nikaona wananenepa. Siku ya nne pipa lilianza kutoa mapovu, na juu yake ukungu wa kijivu. Nikaukwangua, nikawapa. Siku ya sita, Alhamisi, nikaongeza, maana Krismasi ilikuwa yaja.

Ijumaa asubuhi sikusikia kelele. Mtoto wa nguruwe mwenye njaa humwamsha hata kiziwi, na pale palikuwa kimya. Tisa walilala ubavu, matumbo yamekaza kama ngoma iliyoota moto. Mmoja miguu yake ilikuwa bado ikienda, kama anayekimbilia mahali, kisha ikasimama nikiwa nimemwinamia. Walionusurika ni wawili, wale wanyonge, ambao kila siku wenzao waliwasukuma mbali na hori wasipate kula.

Hapo ndipo hofu ilinishika, na si hofu ya Bwana Kaitano tu. Miaka ile ya tauni, panya akifa mtaani, daktari wa bandari huja na watu wake, chokaa na mafuta ya taa, na nyumba za makuti huwashwa moto na vyombo vyake ndani. Nilikwisha kuona wakifanya. Nikawaza, ikiwa panya mmoja huchoma nyumba mbili, nguruwe tisa watachoma ngapi? Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kumi na nne.

Nikaona heri niwazike mbali, matopeni mwa mikoko, kabla mtu hajajua. Lakini tisa hawabebeki begani. Na katika kisiwa kile, nani angenisaidia kubeba nguruwe? Jirani zangu wote walikuwa Waislamu. Nisingeweza kuazima hata kamba.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikaa Salimu, hamali, rafiki yangu. Yule alinipa futari Ramadhani nzima ingawa sifungi, akisema tumbo la Mrabai halina dini. Mkokoteni wake ndio uliokuwa ukipeleka mchele, unga na tende katika nyumba za Mji wa Kale, mpaka vichochoroni nyuma ya Ngome. Mabibi wa kule walimwamini kwa sababu moja: mkokoteni wake ulikuwa safi. Harufu moja tu ya nguruwe kwenye mbao zile, na Salimu asingepata tena gunia la kubeba.

Hayo niliyajua yote. Nayajua hata leo.

Adhana ya Ijumaa ilipoadhiniwa, Salimu alitoka na kanzu yake nyeupe. "Yona, nitazamie mkokoteni," akasema, kama kila Ijumaa. "Usije ukauza magurudumu."

"Nenda kasali," nikamwambia.

Akaenda. Njia ikawa tupu. Nikashika mishikio. Nilitaka kukimbia, lakini magurudumu yalilia kila yalipozunguka, na kila kilio nilikisikia kama jina langu. Kwenye zizi nikawatia wale tisa katika magunia mawili, nikayafunika kwa majani, nikasukuma kuelekea mikokoni.

Mbele yangu, njiani, alikuwa amesimama Bi Mwanaisha na kapu lake. Wanawake hawakwenda msikitini. Hilo katika hesabu yangu nililisahau.

"Nimekuja kutaka pumba zangu. Leo hukuniletea," akasema. "Wabeba nini?"

"Machicha, mama."

Akatazama. Gunia lilikuwa limeteleza pembeni.

"Machicha gani yana kwato?"

Alirudi nyuma hatua tatu, akikusanya buibui lake lisiguse hata majani ya njiani. Akautazama mkokoteni kwanza, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika.

"Huu si wa Salimu?"

"Ndio, mama."

"Ajua?"

"Hajui."

Nilidhani atapiga ukelele, watu watoke msikitini. Badala yake aliuliza walikufa na nini. Nikamwambia yote, machicha, pumba na mayai. Akaliweka kapu chini.

"Kwa hivyo kuku wangu walikuwa wakila chakula cha hawa." Akatikisa kichwa. "Wazike huko, ndani kabisa, si majini, watu huoga. Kisha uoshe mkokoteni mara saba, na mara moja katika hizo kwa mchanga na maji. Isiwe sita. Mimi sitasema neno. Si kwa kukusitiri wewe, ni kwa kumsitiri yule asiye na kosa. Lakini kumwambia ni juu yako, na umwambie leo, akirudi. Leo ni aibu ya mkokoteni. Kesho itakuwa aibu ya urafiki."

Nikazika. Nikaosha. Nilipofika mara ya sita nikashindwa kukumbuka kama ni sita au saba, nikaanza upya. Mbao ziling'aa kama hazijapata kubeba kitu.

Salimu, ambaye kila Ijumaa hukaa msikitini mpaka alasiri, akarudi, akasimama, akashika kiuno.

"Ala! Umenioshea mkokoteni?"

Mdomo wangu ulifunguka, mwanangu. Neno lilikuwa hapa, juu ya ulimi.

"Ulikuwa na vumbi," nikasema.

"Mungu akulipe, ndugu yangu."

Dua hiyo ilitosha kunikosesha usingizi wiki nzima. Jioni ile alibeba mchele wa maulidi kwenye mbao zile, na mimi nikasimama mlangoni nikimtazama mpaka akapinda kona. Kila aliyepita na kunisalimu nilimwona kama ajuaye.

Bwana Kaitano aliporudi nilimwambia habari ya nguruwe, kwa kuwa tisa hawafichiki kwa mtu awezaye kuhesabu. Hakunipiga. Alichukua wale wawili waliosalia na kunionyesha njia ya kwenda zangu. "Nilikuambia mara mbili," akasema, na kweli. Yeye nilimkiria kwa sababu sikuwa na namna. Kwa Salimu nilikuwa na namna, ndiyo maana sikumkiria.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Kilicho kichanga kipe cha uchanga wake. Usikikuze kwa mabaki makali kwa sababu ni ya bure, kiwe mnyama, kiwe mtoto wa mtu. Agizo la mwenye kujua usilipime kwa mizani ya faida yako. Na ukikosa, kosa lako libebe kwa mabega yako mwenyewe. Usilipakie kwenye chombo cha mwenzio asiyejua, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa liseme siku ile ile, lingali dogo, lingali na harufu. Likikauka huwa kama chokaa, hulitoi ila kwa kubomoa ukuta.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na tumbo lisilotamani cha mwenzio. Akupe jirani kama Bi Mwanaisha, aliyekwenda na siri ile kaburini, na akupe rafiki kama Salimu, kisha akupe kumstahili.

Juzi alikuja, Salimu. Mzee sasa, na mkongojo, wajukuu wawili wamemshika. Amejaliwa kwenda Makka, na kama ilivyo ada yao anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi kabla ya safari. Alikaa hapa unapokaa wewe. Akasema, "Yona, miaka hii yote, kama nimekukosea kwa neno au kwa tendo, niwie radhi." Yeye ndiye aliyeniomba mimi. Nikamwambia sina langu kwake. Akangoja kidogo, akanitazama, labda akitazamia na mimi niombe. Sikuomba. Akanibariki, akaondoka.

Meli yao yang'oa nanga Alhamisi. Nikimwambia, nitamtia mzee wa watu wasiwasi kama sala zake za miaka arubaini, kwa mikono iliyoshika mkokoteni ule, zilipokelewa, aende nao baharini. Nisipomwambia, atasimama kule akiniombea dua, na mimi nimemnyima haki ya kujua anamwombea nani. Nimekupa nasaha zangu zote, mwanangu, na wewe una macho ambayo hayajachoka kuogopa. Nipe yako: niende kwake kesho, au nikae?