Sindano Kabla ya Robo Fainali

Kaka yangu alichomwa sindano ya ganzi gotini ndani ya stoo ya shule, amekaa juu ya gunia la mahindi ya wanafunzi, na mimi nimesimama mlangoni napiga kelele. Naanza na hilo kwa makusudi, maana Tunduma ukigusa habari za kombe lile watu wanakusimulia bao. Watakupeleka mpaka uwanjani wakuonyeshe mpira uliwekwa wapi, ukuta wa wale wageni ulisimama wapi, kipa aliruka upande gani. Ya stoo hawakusimulii. Wengine wanajifanya hawakujua, na mji wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukinunua nyama mtaa wa pili walijua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Sisi ni watu wa kijiji cha Hasamba, watoto wa mkulima wa kahawa. Baba alipofariki, shamba likabaki kwa mama, na bei ya kahawa ikawa ya kubahatisha, leo mnunuzi huyu, kesho yule. Kaka akashuka Tunduma kutafuta riziki, mimi nikamfuata. Yeye alikuwa kuli, anashusha na kupakia mizigo kwenye malori ya mpakani. Mimi nilipika. Nilikuwa na banda langu karibu na maegesho ya malori, wali maharage, ugali na samaki, na wateja wangu wengi walikuwa madereva wa Zambia waliosubiri kuruhusiwa na forodha. Tulipanga chumba kimoja, tukagawa kwa pazia la kitenge.

Kaka alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni akitoka kwenye mizigo alivaa njumu alizookota kwenye rundo la mitumba, moja ikiwa na kamba nyeusi na nyingine nyeupe, akaenda mazoezini. Alicheza kiungo katika timu ya mji. Mimi mpira sikuupenda wala sikuuchukia, lakini nilipenda kumwangalia yeye akiucheza. Mtu aliyekuwa kimya nyumbani, pale uwanjani alikuwa anaongoza wenzake kwa kidole tu, na wanamtii.

Mwaka ule kombe la mtoano la taifa lilifunguliwa kwa timu za wilayani. Unashinda unaendelea, unafungwa unarudi kwenu kulima. Hakuna aliyetutarajia. Tukawatoa watu wa Sumbawanga kwao. Tukawatoa wa Iringa kwa matuta, kaka akapiga la mwisho. Basi mji ukapata wazimu. Wabadilisha fedha waliacha kugombana, makanisa yakaombea timu, na wateja wangu Wazambia nao wakaanza kuiita "timu yetu".

Mwenyekiti wa timu alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya dizeli. Mtu mnene, mcheshi, anayemwita kila mwanamke dada na kila mzee baba. Yeye ndiye aliyelipia nauli na jezi, na ukweli ni kwamba bila yeye tusingefika popote. Nalisema hilo kwa sababu ni haki yake. Lakini mtu akikununulia jezi hajanunua mwili ulio ndani yake.

Mechi iliyofuata tulikwenda kucheza ugenini Songea, na huko ndiko goti lilikoumia. Kaka alipigwa teke ubavuni mwa goti akiwa amekwishaachia mpira. Tulishinda, akarudi ndani ya basi mguu umenyooshwa juu ya kiti, goti limevimba mpaka suruali ikabidi ichanwe. Nilimpeleka mwenyewe hospitali ya Mbozi Mission. Daktari aliyempokea, mama wa makamo, alilishika lile goti taratibu, akalisukuma mbele, akalivuta, uso wa kaka ukabadilika rangi. Akasema kano moja imechanika, bado haijakatika yote.

"Ukipumzika litashika," alimwambia. "Ukilichezea mpira sasa hivi, hili si goti tena. Unanielewa, kijana?"

Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nilisema, "Tumekuelewa, daktari. Ahsante." Tukarudi na bandeji na vidonge.

Hatujatulia, habari ikaja kwenye redio: robo fainali tumepangwa na timu kubwa ya Dar es Salaam, na wao ndio watakuja kwetu. Sijapata kuona mji ukipiga kelele namna ile. Timu hiyo watu walizoea kuisikia redioni tu, wakabishana juu yake mpaka kupigana, na sasa inakuja kucheza kwenye uwanja wetu wa vumbi, ambapo mbuzi hupita katikati ya mchezo.

Mwenyekiti alifika kwetu jioni ile ile. Hakumtazama kaka usoni, alitazama goti.

"Dada, huyu tutamtibu," akaniambia.

"Ameshatibiwa. Daktari amesema apumzike, asicheze."

"Daktari wa misheni anajua nini habari za mpira?"

"Anajua habari za magoti, mwenyekiti."

Akacheka, kama nimefanya utani. Kisha akakaa kitandani kando ya kaka, akamwekea mkono begani, akaanza kuongea kwa sauti ya chini kana kwamba mimi sipo. Wakubwa wa timu ile ya Dar wanamjua jina. Wanakuja kumtazama yeye. Akicheza vizuri mbele yao, ataondoka nao, atasahau mizigo. Kaka alikuwa anasikiliza macho yakiwa chini. Alipoondoka mwenyekiti nikamuuliza kaka, "Umemwamini huyo?"

"Mdogo wangu," akasema, "wakija hawa na mimi niko nje natazama, mji huu nitaukalia vipi?"

"Utaukalia kwa miguu miwili."

Kesho yake nikapanda gari kwenda Hasamba kumchukua mama. Nilijua mimi sina sauti, lakini mama ni mama. Akaacha kahawa yake juani, akaja na kitenge chake cha kanisani. Tulikwenda wote wawili kwa mwenyekiti, dukani kwake. Mama hakuwa mwepesi wa Kiswahili. Alizungumza polepole, Kinyiha, lugha yetu, kikimvuta huku na huku.

"Baba," akamwambia, "mimi nimekuja kumwomba mwanangu. Mguu wake mbaya. Mniachie."

Mwenyekiti alimwamkia kwa heshima zote, akamletea kiti na soda. "Mama yangu, yule si mwanao peke yako sasa. Yule ni wa mji mzima. Ni wa taifa."

Mama akaipokea soda. "Akivunjika," akauliza, "taifa litakuja kumbeba?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka, na mwenyekiti akacheka nao. Mama hakucheka. Aliirudisha ile soda mezani bila kuinywa, akaniambia kwa Kinyiha twende. Nimewahi kutukanwa na walevi, nimewahi kumwagiwa sufuria la maharage na askari, lakini hakuna kilichoniuma kama kile kicheko dukani.

Siku ya mechi sikufungua banda mapema. Niliamka nikakuta kitanda cha kaka kitupu, walimfuata alfajiri. Nikamtafuta mji mzima, na saa ya mechi ilipokaribia nikakimbia shuleni, maana timu ilivalia nguo huko. Vijana walinizuia, nikawasukuma, nikafika mlangoni pa stoo. Kaka amekaa juu ya gunia, kaptula imepandishwa. Mbele yake amepiga magoti mwenye duka la dawa, ambaye mji mzima ulimwita daktari ingawa hakusomea udaktari. Sindano ilikuwa tayari mkononi.

"Usimchome!" nikapiga kelele. "Mmeambiwa! Misheni wamewaambia!"

Mwenyekiti aligeuka. "Mtoeni huyu."

Nilimtazama kaka nikingoja aseme neno moja. Angesema niacheni, ningewang'oa meno wote mle ndani. Akasema, "Nenda, mdogo wangu. Nimekubali." Sindano ikaingia. Wakanitoa.

Mchezo niliutazama nimesimama nyuma ya goli, mama yuko pembeni yangu ameshika mikono yangu yote miwili. Watu walikuwa juu ya miti, juu ya paa za madarasa, juu ya malori. Na kaka alicheza. Siwezi kusema uongo, alicheza kuliko siku zote, kwa sababu hakusikia kitu. Kabla ya mapumziko tukapata mpira wa adhabu mbali kidogo na boksi. Akauweka, akarudi nyuma, akaupiga na mguu ule ule. Ukapita juu ya ukuta, ukashuka ndani ya wavu. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinikumbatia akanimwagia togwa mwilini.

Wakati wa mapumziko ganzi ilikuwa inaanza kuisha. Nilimwona anakwenda stooni anachechemea, na yule mtu wa dawa anamfuata na begi lake. Wakamchoma tena. Hilo la pili ndilo silimezi. La kwanza mtu anaweza kusema alidanganywa, alitamani, aliogopa aibu. La pili walimchoma wakiwa wameshaona goti limekuwa kama tikiti.

Kipindi cha pili kikafika mbali, na kaka akaanguka peke yake. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka tu kumfuata mtu, mguu ukabaki pale ulipokuwa, mwili ukaenda. Nilikuwa mbali, lakini nilimwona kocha anainuka kutaka kumtoa, na mwenyekiti anamvuta shati; maneno yake niliambiwa baadaye: nafasi za kubadilisha zimekwisha, asimame tu, wale jamaa wakimwona yupo watamwogopa. Wakamwinua. Akasimama pembeni ya uwanja, kwenye mstari, kwa mguu mmoja, mpaka filimbi ya mwisho.

Tulishinda moja bila.

Mji ukaingia uwanjani. Walimbeba mwenyekiti mabegani. Walimbeba kipa. Kaka alikuwa amelala kwenye majani makavu karibu na kibendera cha kona, na watu wanamruka wakikimbia kwenda kushangilia bao lake. Mama alimvua jezi akamfunika kitenge chake. Nikaenda kutafuta gari. Kila gari Tunduma lilikuwa linapiga honi barabarani, watu wamening'inia mpaka kwenye bodi. Niliomba, nikalia, nikagonga vioo. Mmoja aliniambia, "Subiri dada, tumalize mzunguko." Nikamkuta mwenyekiti juu ya pikapu yake. Nikamshika mguu. "Kaka yangu hawezi kusimama, nipe gari." Akainama, anatokwa jasho, anacheka. "Leo ni furaha, dada. Mpe maji baridi."

Aliyetusaidia ni dereva wa Zambia, mteja wangu wa samaki. Hakuwa na habari na kombe wala na timu. Aliona navuka barabara bila viatu akaniita "Bamayo," yaani mama kwa lugha yao, "kuna nini?" Nikamwambia. Alifungua tela, akaliacha pale kwenye maegesho, akaja na kichwa cha lori mpaka pembeni ya uwanja, akambeba kaka mikononi kama mtoto. Kwenye mashimo ya njia ya kuingia misheni alipunguza mwendo mpaka tukaenda kama mtu anayetembea, na kila kaka alipogumia yeye alisema, "Pole, mwana, pole." Hakukubali malipo. Alirudi Zambia siku chache baadaye, na kwenye barabara ile sikumwona tena.

Daktari yule mama alipofunua goti hakutugombeza. Alikaa chini. Nadhani ningependa atugombeze. Wakamfunga hogo la plasta kuanzia paja mpaka kifundo, na lilipofunguliwa mguu ulikuwa umekuwa mti. Haukukunjika wakati ule, haukunjiki leo.

Nusu fainali timu ilikwenda Dar bila yeye na ikafungwa vibaya. Muda wote huo mwenyekiti hakukanyaga hospitali. Timu iliporudi waliandaa mapokezi pale pale uwanjani, wakapanga viti, wakaleta kipaza sauti. Mwenyekiti akawashukuru wote waliotoa jasho kwa ajili ya mji. Nikatoka kwenye umati nikaenda mbele. Kipaza sauti hawakunipa, nikatumia koo langu.

"Jasho umelitaja," nikamwambia. "Litaje na goti. Waambie watu ulimchoma mara mbili. Waambie umelala nyumbani kwako yeye amelala Mbozi Mission."

Mwenyekiti akasema kwa upole, kwa sauti ile ile ya dukani, "Dada ana uchungu, tumwelewe. Mpira una majeraha." Kisha mtu mmoja nyuma akasema mwanamke ajue nini habari za mpira, watu wakacheka kwa kupata nafuu, muziki ukafunguliwa. Nilirudi bandani kwangu nikawasha moto. Kwa muda mrefu baadhi ya watu wa timu hawakuja kula kwangu, na mimi sikuwaulizia.

Kaka alirudi Hasamba. Kahawa anaipogoa akiwa amekaa kwenye kigoda, akikihamisha kutoka mche hadi mche. Ameoa, ana watoto, ana mzinga wa nyuki anaojivunia. Na hana hasira. Vijana wa kijijini wakimwuliza bao lile anawachorea ardhini kwa fimbo, anatabasamu. Nilimwuliza siku moja kama, angekuwa na akili ya leo, angekubali sindano ile. Akasema, "Ningecheza." Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mwenyekiti alikufa miaka michache iliyopita. Kaka alipanda basi na mguu wake mgumu akaja Tunduma kuzika, akakaa mstari wa mbele na wachezaji wenzake wa zamani. Alifikia kwangu, na jioni tukagombana mpaka majirani wakaja. Akaniambia marehemu hasemwi vibaya. Nikamwambia simsemi vibaya, nasema alichofanya. Kama ni kibaya, alikitengeneza mwenyewe akiwa hai na akili timamu. Kaka akalala bila kula. Asubuhi nilimsindikiza stendi, nikambebea mfuko wake, tukasubiri basi. Lilipokuja, konda akamwona anavyopanda akamsukuma kiunoni ili awahi. Nikamshika konda yule mkono, nikamwambia angoje.