Yeye Hapana Mupya

Siku ya kwanza ya kazi, ku Beni, Gérant, mukubwa wa bureau, alinipatia vitu mbili: cachet, ile muhuri ya kupiga ku karatasi, na bunda ya fiche. Mutuelle yetu ilikuwa ya jamaa za mutaa: kila nyumba inatoa kidogo kila mwaka, mwenye kugonjwa anatunzwa bila kuuza mbuzi yake. Fiche ilikuwa na maulizo kumi na mbili. Uko na sukari? Tension ya damu? Ulishapasuliwa? Uko na mimba?

"Mama Kahindo, uliza yote, andika yote," akaniambia. "Mugonjwa akiingia juu ya kutunzwa tu, caisse, ile sanduku ya feza yetu, inakufa."

Nikaitika. Na mutu akitoka mu mutuelle ingine kuja kwetu, tulimuhesabu mupya: fiche tena, kisha stage, ni kusema miezi ya kungoja mbele ya kutunzwa. Kwa kuzaa, stage ilikuwa miezi tisa. Mwenye alikuja na tumbo tayari, tulimurudisha. Ninyi benye munakaa leo ku guichet kupokea batu, musikilize: nilirudisha bamama bengi, na nilijiona mutumishi muzuri. Leo ile inanichoma.

Vita ikafika, kila kundi ya basoda na barrière yake mu barabara. Gérant akapata mutation, akaenda kuongoza mutuelle ya Butembo, na miye akanibeba. Caisse ingine, maulizo yale yale.

Asubuhi moja Masika akaingia. Alikuwaka anauzisha samaki ya Kyavinyonge ku soko ya Beni, miye mwenyewe nilimuandikisha kule tangu miaka mingi. Alikimbia kwa miguu, tumbo ya miezi nane. Bureau ya Beni ilikuwa imefungwa, benyewe balikimbia. Mais kadi yake alikuwa nayo, ndani ya plastiki, kavu kabisa.

"Docteur alisema huyu pia atatoka kwa kupasuliwa, sawa na wa kwanza," akaniambia. "Bila karatasi yenu, hôpital haitanipokea. Nizalie wapi, Mama Kahindo?"

Gérant akatazama kadi. "Hii ni ya Beni. Hapa ni mupya. Fiche, na miezi tisa."

"Miezi tisa, Chef? Mtoto anakuja mwezi ujao!"

"Règlement ni règlement."

Aka! Damu ikanipanda. Nikatoa fiche mbili, nikaziweka ku meza yake, kalamu juu.

"Ni nini hii?"

"Moja yako, moja yangu. Siye pia tulitoka mutuelle ya Beni. Nani alituuliza? Dawa yako ya tension unaikamata hapa tangu mwezi tulifika. Registre ya dawa, ni miye naiandika."

Akavimba. "Miye nilitumwa na kazi!"

"Na yeye alitumwa na masasi ya vita. Jaza, Chef. Ulizo ya pili: uko na tension?"

Kalamu hakuigusa. Akanielekeza kidole. "Ukipiga hiyo cachet, nakufukuza."

Nikaipiga ku karatasi ya hôpital ya Masika. Pa! Mbele ya macho yake. Mwezi uliofuata Masika akapasuliwa, akapata mtoto muke, bote bazima.

Miye nikapata demande d'explication, barua ya chef yenye kukuomba ujieleze mbele ya kuazibiwa. Baliniachia page muzima ya kujibu. Nikaandika maneno tatu: Yeye hapana mupya. Comité ikasoma registre, ikakuta jina ya Gérant ku dawa, bila fiche, bila stage. Hawakunifukuza. Balininyanganya cachet miaka mbili, sawa, mais tangu ile siku kadi ya kila mukimbizi ilipita bila kungoja.

Sasa niko retraite, kazi niliacha juu ya uzee. Juzi nilienda ku bureau ile ile. Secrétaire, binti mwenye adabu, akanivutia kiti sawa kwa bibi yake.

"Koko, umetoka ku liste ya batumishi. Sasa unaingia kama mutu mupya. Tujaze fiche."

Sukari? Tension? Niko nazo zote mbili, na sisikii haya. Nikamuomba kalamu. Maulizo yote kumi na mbili nikayapiga mustari moja, na chini nikaandika: Miye hapana mupya.

"Koko, Chef wetu hatakubali!"

"Basi aniandikie demande d'explication," nikamwambia. "Jibu niko nayo tangu wakati wa vita."