Pikapu Iliyorudishwa kwenye Platini

Mwanangu, sogea karibu. Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mimi na mume wangu Deo, huyu unayemsikia akimenya ndizi jikoni, tukiwa bado wapya katika ndoa. Tulikwenda Kaisho kumchukua mama yangu aje kuishi nasi Nyabiyonza. Baba alikuwa ametutoka, na mama alikubali kuhama kwa sharti moja tu: ng'ombe wake aje naye. Na ng'ombe mwenyewe alikaribia kuzaa.

Deo alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli. Mwenye gari wa kwanza aliifungia kisanduku cha elektroniki cha kupeleka moto kwenye plagi, na Deo alikionea fahari kweli. Alifungua boneti hata pale ambapo hakuna aliyemwomba.

Karibu na Nkwenda gari likazimika ghafla. Tulimshusha ng'ombe, watu wema wakatusukuma hadi kwa fundi Salvatori, mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Akachomoa plagi, Deo akapiga stata. Hakuna cheche.

"Kisanduku kimekufa," fundi akasema. "Kingine labda Mwanza. Ila ninayo distribyuta ya platini inayoingia humu."

Distribyuta, mwanangu, ndiyo inayogawa moto kwa plagi, na platini ni vile vyuma viwili vidogo ndani yake vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Ndivyo magari ya zamani yalivyokuwa.

Deo akakunja uso. "Nirudi nyuma? Madereva wenzangu watanicheka. Nitapanda basi niende Mwanza."

"Na sisi?" nikamuuliza.

"Mtanisubiri."

Mama alikuwa ameketi juu ya godoro lake, kamba ya ng'ombe mkononi. Kwa heshima ya ukwe hakusema na Deo moja kwa moja. Alinigeukia mimi, lakini kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mwambie mumeo mimi nimeaga Kaisho niende Nyabiyonza. Sikuaga kuja kuzalisha ng'ombe gereji. Muulize hivi: hao madereva wanaocheka, ni yupi kati yao atakayetufikisha nyumbani?"

Fundi akainama akijifanya anatafuta spana. Deo akacheka mwenyewe. "Nimesikia, mama. Fundi, funga."

Salvatori alitoa kile kisanduku kilichokufa, akafunga distribyuta, akabadilisha pia koili, ile inayokuza umeme wa betri, ili platini zisiungue. Halafu akakataa kuwasha gari. Alitaka kwanza sisi wote wawili tujifunze kupima ile nafasi ya vyuma kwa kipande cha boksi la kiberiti, na kuvisafisha kwa msasa. Mimi nilipatia kabla ya Deo, naye hajakataa hadi leo. Gari likawaka. Tukampakia tena ng'ombe, na mchana ule tukafika Nyabiyonza, mama akiimba pambio, na kabla ya wiki kwisha ndama akazaliwa.

Madereva walicheka, ndiyo. Platini nazo zilitusumbua. Zilitaka kusafishwa mara kwa mara, na ukungu wa asubuhi haukuzipenda. Lakini kila zilipogoma tulizitengeneza wenyewe kando ya barabara, tukaendelea na safari.

Basi, mwanangu, sikwambii uvichukie vitu vipya. Simu ndiyo inayonionyesha wajukuu zangu. Ninachokuambia ni hiki: kabla hujakitegemea kitu, ujue kikiharibika atakitengeneza nani, na yuko mbali kiasi gani. Jifunze kukitengeneza wewe pamoja na mwenzako. Na siku ikikulazimu kurudi kwenye cha zamani ili watu wako wafike, rudi, wala usiwaache barabarani kwa kuogopa kuchekwa.

Mungu aibariki mikono yako, akupe mwenza wa kucheka naye mambo yanapokwama, na kila unayembeba umfikishe salama.