Mutu wa Kushoto Kwangu

Kamyo ya kuzima moto inatoka mbali, na ikifika huku pwani ya Rumonge inakuta watu wanafagia majivu. Silisemi hilo kwa kulalamika. Nalisema ili mutu aelewe kwa nini sisi wakamuaji wa mawese, wavuvi, wauza samaki wadogo wa ndagala na walimu wachache tulijiundia chama chetu cha wazima moto, na kwa nini mimi leo nikinusa moshi, moyo wangu unakwenda kwanza kwa mutu mumoja, ndipo unarudi kwenye moto.

Mimi sikusoma. Nilikalia benchi miaka miwili kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, baba akafa, nikashika jembe. Mashine ya kukamua mawese niliyo nayo hakunipa mutu, wala mushahara wa serikali siujui unafananaje. Lakini kuzima moto nilijifunza kule kambini, maana nyumba zilikuwa za nyasi na zimebanana, moja ikiwaka hakuna wa kusema si yangu. Tuliporudi Burundi nilirudi na sufuria, shoka na akili hiyo.

Moto wa kwanza niliouona baada ya kurudi ulikuwa kwenye vibanda vya Minago, mchana, upepo wa ziwa umeshaamka. Watu walikimbia nyumbani kuleta bido, yale madumu ya plastiki. Sasa kila nyumba ya pwani hii iko na bido, na kila bido imepita mafuta ya mawese. Wakachota ziwani bila kusuuza, wakamwaga, na moto ukanona. Ulifuata yale maji kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Watu wakashikana mashati, kila mumoja akisema kuna mubaya kati yetu amemwaga petroli. Petroli haikuwapo. Tulikuwa ni sisi na bido zetu.

Hapo ndipo chama kilipoanzia, na amri yake ya kwanza ikawa hii: kila nyumba iweke bido moja yenye kitambaa chekundu kwenye mukono, isiguse mawese mpaka mwisho wa dunia. Nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya bido hiyo.

Aliyetuongoza alikuwa mama mumoja muuza ndagala, mutu wa Kongo, upande wa Uvira, mwenye sauti iliyoshinda injini ya boti. Yeye ndiye aliyetupanga mustari kutoka majini hadi penye moto, bido inapita mukono kwa mukono. Kila mutu na nafasi yake, na haibadilishwi. Nafasi hizo hakuzitoa ovyo. Watu wawili wenye ugomvi aliwasimamisha bega kwa bega, kwa makusudi, mbele ya wote. Alisema huwezi kumupa mutu bido ya maji bila kumuangalia. Ukigeuza uso inakuponda vidole. Komite ikacheka, halafu ikakubali, na ikawa ndiyo desturi yetu.

Kushoto kwangu akamuweka mutu aliyekaa kwenye shamba la baba yangu.

Habari hiyo kila mutu wa Rumonge anaijua, kila ukoo iko na ya kwake. Sisi tulikimbia, yeye akapewa ile ardhi, akapanda michikichi, akazaa watoto pale. Hakuiba. Mimi nikarudi, kidole kinaonyesha mipaka ya baba. Tukasimama mbele ya wakubwa, wakatukatia shamba katikati kama mukate, na hakuna aliyeshiba. Kutoka siku ile nikipita kwake salamu yangu ya amahoro niliwapa mbuzi wake, yeye hapana. Naye alinilipa vilevile.

Sasa huyo ndiye akawa wa kunipa maji.

Tulijizoeza Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya. Na mustari ule haukungoja moto tu. Ulipitisha matofali ya kanisa, ukapitisha muchanga wa shule, ukahamisha vitanda na makabati ya watu barabara ilipozama. Kwenye kilio sisi ndio tuliojaza mapipa, ili wafiwa wasihangaike na maji. Wazazi wa bibi harusi walituomba kabla hawajaomba viti. Mugonjwa akibebwa kwenye machela, tulibadilishana mabega njia nzima. Kuna watu ambao hawakujua kanisa letu ni lipi wala tulitoka kambi gani, lakini walijua chama.

Na siku zote hizo nilipokea kutoka kwa mikono ya adui yangu. Alikuwa mufupi, bido yake inakuja chini, nikajifunza kuinama. Dole gumba lake la kulia halikuwa na ukucha. Alijua mimi huvuta kabla sijashika vizuri, akawa anachelewa kidogo kuachia. Tulijuana hivyo, na midomo imefungwa.

Halafu moto ukawaka kwake. Pipa la mawese lilichemka likafurika jikoni, alasiri, na bati la nyumba kubwa lilikuwa karibu. Filimbi ikalia, nikakimbia. Nilifikiri nitamukuta ndani anaokoa magodoro, maana mimi ningefanya hivyo. Nilimukuta kwenye nafasi yake, mugongo ameipa nyumba, mikono inangoja. Wanawake walikuwa wanatoa vitu, vijana wanamwagia pipa muchanga, na maji yetu yalitakiwa juu ya bati. Bido ikaja, nami macho yangu yamebaki kwenye ule moshi, juu ya ardhi ya baba.

"Mbona umesimama?" akasema. "Nyumba ni yangu, mikono ni yako. Vuta."

Nikavuta. Jiko liliisha, nyumba ikabaki. Kesho yake muke wake alileta kwangu sahani ya samaki wa mukeke na mihogo ya kuchemsha, na yeye mwenyewe akaja nyuma ya muke wake, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Tukala. Kutoka hapo hatukunyamaza tena. Yeye aliniita Mutanzania. Mimi nilimwita mupangaji wa baba yangu, naye alijibu kuwa yuko tayari kuhama siku mwenye nyumba atakapokuja kuziba bati linalovuja. Alinitania hivyo hata mbele ya mapadri. Watoto wetu waliona aibu, sisi hapana.

Sasa ziwa. Miaka hii limepanda, kila mutu ameona. Lilimeza mitumbwi ya watu, likameza njia, likaingia kwa huyo mupangaji wa baba kwa mulango wa mbele kama mugeni anayejua kwake. Nyumba tuliyoinyima moto tuliiachia maji. Alilala kwangu muda, halafu mutoto wake akamuchukua kwenda Kigwena. Huko akaugua, akainuka, lakini mukono wa kushoto haukuinuka naye.

Nafasi yake niliiacha wazi. Nilinyoosha mukono zaidi, nikaongeza hatua, nikapokea kutoka kwa mutu wa mbali. Kila Jumamosi niliambia komite huyo mutu yuko njiani.

Yule mama alisharudi Uvira. Komite ya sasa ni watu wa simu, wanaongea kwa upole. Kiangazi hii ilipokaribia waliniambia, muzee, pale pako pana tundu, bido zinaanguka, tunaomba pajazwe. Niliwajibu vibaya. Niliwaambia mimi nilizima moto mama zao hawajaolewa. Hawakukasirika, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu walikuwa na haki. Mustari wenye tundu haufiki.

Nikapanda pikipiki kwenda Kigwena kumurudisha.

Nilimukuta nje, sinia ya maharage juu ya magoti, anachambua kwa mukono mumoja. Amekonda. Nilimwambia nitamujengea chumba nyuma ya mashine yangu, hata kama habebi bido atapuliza filimbi, atakuwa anatutukana tu, hiyo nayo ni kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani anasimama kwangu?"

"Hakuna."

"Hakuna, na kiangazi iko mulangoni? Wewe Mutanzania una wazimu." Akasukuma sinia. "Moto utapita hapo hapo. Waambie wakuwekee adui mwingine."

Nilimwambia nimetafuta, sina.

"Basi umezeeka," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kuhusu kile chumba hakunijibu. Nilipokuwa naondoka aliniambia, bila kuinua uso, kwamba hataki kuangaliwa na watu wa Rumonge akiwa hivyo. Sikubishana. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Jumamosi nikawaambia komite wapajaze. Wakaniuliza, kufuatana na desturi, muzee una ugomvi na nani siku hizi. Nikafikiri, watu wote wamesimama wananingoja. Shemeji niliyegombana naye amekufa. Jirani wa michikichi upande wa juu tulishapatana. Wengine wote wananiita baba na kunipa kiti. Nikasema sina mutu.

Wakanipa kijana wa pikipiki, murefu, mikono mipana, hana neno na mimi. Bido zikapita kama zinateleza zenyewe. Hakuna tone lililoanguka, watu wakapiga makofi, na kweli mustari wetu haujawahi kwenda vizuri hivyo. Nikarudi nyumbani shati kavu. Miaka yote ile nilirudi na ubavu wa kushoto umelowa, muke wangu akinung'unika. Nililivua lile shati, nikalishika muda murefu.

Jioni simu ikalia, ilitoka Kigwena. Akaniuliza huyo waliyemuweka yuko namna gani.

Nikamwambia ni muvivu. Mikono yake ni ya kushika kalamu, anaogopa maji kama paka, na komite yenyewe inajuta, sidhani watamaliza naye kiangazi.

Nilisikia kuku wa kwake, na mutoto anaitwa aje kuoga.

"Kwa hiyo nafasi yangu iko," akasema.

Nikamwambia iko.