Tulipoyaficha Mahindi ya Maili Nne

Nilipokuwa mtoto kule upande wa Turbo, mtaa wetu wote ulikuwa na sindano moja ya magunia. Sisemi sindano ya nguo, hizo kila mama alikuwa nazo, amezichomeka kwenye kalenda ukutani. Nasema ile ndefu, nene, iliyopinda ncha kama jino la mbwa. Ilikuwa ya mjane mmoja aliyekaa kando ya kijito. Msimu wa mavuno ilitoka boma hadi boma, na aliyemaliza kushona aliichomeka kwenye gunzi ili isipotee, akamtuma mtoto aipeleke kwa jirani.

Mimi niliipoteza. Nilipita mahali watu walikuwa wanapukuchua, nikaweka gunzi langu chini nicheze kidogo, na niliporudi kulikuwa na mlima wa magunzi. Tulitafuta Jumamosi yote. Mjane mwenyewe alikuja akaketi chini na sisi, akaokota gunzi moja moja, na hakunigombeza. Aliuliza tu kila mara kama nina hakika lilikuwa gunzi jeupe. Yote yalikuwa meupe. Sindano ilikuja kupatikana wiki iliyofuata kwenye jivu la jikoni kwa mtu, nyeusi, lakini bado sindano.

Baba akasema mtu aliyesumbua watu hivyo ni lazima ajifunze kushona. Shule nilikuwa nimefika darasa la tatu na mwalimu hakuja kuniuliza. Mama alilia kidogo, halafu ndama akaugua, akawa na jambo lingine la kulilia. Basi nikaletwa Eldoret kwa mshonaji mmoja wa magunia, enzi wazee bado wanaiita Sisibo na ng'ombe anavuka barabara kuu bila kuangalia kushoto wala kulia. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Huyo mshonaji alikuwa na paka asiye na mkia, lakini nikianza habari ya paka hatutafika.

Siku hizi nakaa Maili Nne, kando ya barabara ya kwenda Webuye, chini ya turubai. Natia viraka magunia yaliyotobolewa na panya, na wakati wa mavuno nashona midomo ya yaliyojaa. Nakaa na mzee mwenzangu aliyetoka upande wa ziwa. Alikuja zamani kwa kazi ya kiwanda, kazi ikaisha, yeye akabaki. Mimi ndiye nilimfundisha gunia. Namwita Jaduong', maana ndivyo kwao wanamwita mzee, na yeye ananiita Mzee. Watu wakipita wanadhani tunaheshimiana.

Ukweli ni kwamba tumebishana mpaka ndimi zimeota sugu. Ubishi wetu ni mmoja: kati ya Kisumu na Eldoret, mji gani ndio unashika magharibi yote, watu wote wakitaka kitu ndio wanaenda huko. Yeye ana ziwa, bandari na reli. Mimi nina ngano, maziwa, uwanja wa ndege, na vyuo, kuanzia Chepkoilel mpaka vile vya ghorofani ambavyo sijui vinafundisha nini. Tulipofanywa jiji nilimnunulia chai na mandazi mawili ili anyamaze. Akala yote, akafuta mdomo.

"Sisi tulikuwa jiji wakati nyinyi mnafunga ng'ombe kwa nguzo ya stima," akasema.

"Na bila mahindi yetu mngekula samaki na nini?"

"Na nyinyi bila samaki yetu mngekula ugali na nini? Maziwa. Kila siku maziwa, kama ndama."

Sasa akatokea mtu wa chakula cha kuku. Tulisikia habari zake kwa mama mwenye duka la mbegu, ambaye ndiye mwenyekiti wa wafanyabiashara wa hapo kwetu. Chakula cha kuku kinataka mahindi na kinataka omena, wale dagaa wadogo. Mahindi yako kwetu, omena iko ziwani. Huyo mtu alitaka kujenga godauni moja kubwa, ama kwetu omena ipandishwe, ama Kisumu mahindi yateremshwe. Alikuwa anazunguka kuona. Na mama akaniambia mimi kando kwamba godauni ikija kwetu, washona magunia watapewa kona ndani. Chini simenti, juu bati.

Labda wewe huoni ukubwa wa jambo hilo. Mimi tangu nishike sindano sijawahi kushona chini ya bati. Mvua ya Eldoret haina adabu, inakuja saa nane mchana na mawe yake, na gunia likilowa ni kuanza upya. Magoti yangu yanajua mvua kabla ya redio kutangaza. Nilikuwa nalala nikiiona ile kona, mpaka nilishachagua ukuta wa kuegemea.

Ilikuwa wakati wa mavuno, na kama kila mwaka mahindi yalikuwa yameanikwa kando ya lami, turubai baada ya turubai, kutoka kwetu mpaka kituo cha petroli. Akina mama wanayageuza kwa miguu, punda wamesimama na mikokoteni. Jaduong' akatazama huku na huku, akaniuliza mgeni akifika ataona nini.

"Hii si jiji, Mzee. Hii ni shamba imewekwa lami."

Maneno hayo yaliniingia. Jioni tulikuwa na mkutano dukani kwa mama, na mimi, mtu ambaye huwa sisimami mkutanoni, nikasimama. Nikasema jiji halianiki mahindi barabarani, Kisumu watatucheka, tuyaondoe mpaka mgeni apite. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kabla ya hapo, na huwa yanalewesha. Kesho yake punda wakafukuzwa mpaka Kiplombe, barabara ikafagiliwa, mtu akaazima vyungu vya maua kanisani. Mahindi tukayajaza magunia, tukayapanga kwenye stoo nyuma ya duka mpaka dari.

Jaduong' alichukua punje chache akazitafuna, akazitema. Akaniambia haya bado yana maji, nikiyafunga yatatoa jasho. Mtu wa ziwa ananifundisha mahindi! Nikamwambia ameona anashindwa ndiyo sababu anatafuta njia. Alivuta gunia, akatia uzi kwenye sindano, akanisaidia kushona siku mbili nzima.

Msinionee huruma kwa hayo yanayofuata. Mahindi yale tulikuja kuyamwaga tena juani na mengi yakapona. Turubai langu bado liko pale pale, nimeliongezea kiraka cha bluu, na chai ya mama wa kibanda cha jirani ni tamu kuliko zamani kwa sababu amepata ng'ombe wake mwenyewe. Mpaka leo hatujui huyo mtu alijenga wapi. Jaduong' anasema Kisumu, mimi nasema Nakuru, tunasukuma siku.

Alifika Alhamisi. Tulitazamia msafara, na suti. Akaja mtu mmoja mdogo, anajiendesha mwenyewe, viatu vina vumbi. Alitembea kando ya barabara mpaka kituo cha petroli akarudi, akiangalia chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Akauliza watu wa hapa wanaanika wapi. Mama akamjibu kwa kiburi kizuri kwamba hapa ni jiji siku hizi, mambo ya kuanika barabarani tuliacha. Yule mtu akatabasamu. Akasimulia kwamba Kisumu alitembea juu ya omena iliyoanikwa mpaka akakosa pa kukanyaga, wamama wakamfukuza na ufagio. Alisimulia kama mtu aliyefurahi sana kufukuzwa.

Kisha akaomba kuona mahindi. Tukafungua stoo. Joto likatoka kwanza, halafu harufu, kama mtu amepika pombe ya busaa humo ndani. Aliweka kiganja juu ya gunia, akakiacha hapo kidogo. Akatoa mfukoni bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutobolea gunia, akakisukuma ndani, na punje zikamwagika mkononi mwake. Akatafuna moja. Mahindi makavu yanalia mdomoni, hata aliye kando anasikia. Haya hayakulia.

"Nani alifunga haya?"

Watu waliopiga makofi wakawa wanaangalia maua.

"Ni mimi," nikasema.

Aliangalia mshono wangu, akaupitishia kidole toka mwanzo mpaka mwisho, akasema nimeshona vizuri. Akaniwekea zile punje mkononi. Zilikuwa na joto kama mayai yaliyotolewa chini ya kuku.

Hapo ndipo nilipomsikia Jaduong' nyuma yangu. Nilijua sasa atasema Kisumu.

"Bosi, ngoja kidogo. Juzi mahindi ilikuwa hapa mpaka kule petroli, huoni lami. Hakuna mahali iko mahindi kama hapa. Hii ni makosa ya siku mbili, na mimi pia nilishona."

Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Akaangalia ile barabara tuliyoifagia, akaangalia vyungu vya kanisa, akafuta bambo lake kwa kitambaa.

"Nimekusikia, mzee," akasema.

Chai aliyoandaliwa na mama wa duka hakuinywa. Alipita katikati yetu polepole, akavuka barabara, akaingia kwenye gari lake, akaelekea Webuye, na hakurudi tena.